Kuimarisha Udongo kwa Chokaa Lindi na Mtwara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mafundi, wasimamizi wa barabara za vijijini na yeyote anayejenga juu ya udongo mweusi wa mabonde yetu ya kusini. Kazi yangu ni kupima udongo, na karibu kila anayenipigia simu huanza na swali moja: "Niweke mifuko mingapi?" Hilo nitalijibu hapa chini. Lakini kabla ya kuhesabu mifuko, lazima tujue udongo wenyewe ni upi, kwa sababu huku kwetu ukitembea kilomita ishirini unaweza kutoka kwenye udongo unaoitaka chokaa na kuingia kwenye udongo usio na haja nayo kabisa.

Chokaa inaufanya nini udongo?

Mambo mawili, na kila moja lina muda wake.

Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo mno, bapa kama magamba ya samaki. Maji yakipenya katikati ya magamba hayo udongo unavimba, unanata na kuteleza. Ukikauka unasinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Chokaa ikichanganywa humo, kalsiamu yake inayavuta magamba yashikane kuwa punje punje. Hili linaonekana ndani ya saa chache hadi siku moja mbili: udongo uliokuwa unang'ang'ania chepe unaanza kupukutika.

Jambo la pili ni la polepole. Chokaa inapandisha pH ya udongo, kipimo cha tindikali na alikali, hadi karibu 12.4. Kwenye hali hiyo silika na alumina, yaani madini yaliyomo ndani ya mfinyanzi, zinaanza kuyeyuka, zinaungana na kalsiamu, na kuzaa gundi ya aina moja na ile inayopatikana saruji ikikaza. Gundi hii hujengeka kwa wiki na miezi, na kama chokaa ilitosha na unyevu upo, huendelea hata kwa miaka.

Wengi huchanganya kazi hii na ya chokaa ya ukutani. Kuta za matumbawe za Kilwa Kisiwani zimeshikwa na chokaa kwa karne nyingi, na chokaa ile ilikaza kwa kuvuta hewa ukaa taratibu hadi ikarudi kuwa jiwe. Chokaa ya barabarani hukaza kwa kula mfinyanzi. Ikiwahi kula hewa kabla ya kukutana na mfinyanzi, imeshakufa, na umemwaga vumbi la mawe tu. Makosa kadhaa nitakayoyataja hapa yanatokana na kutolijua hilo.

Udongo wangu unafaa?

Unafaa kama una mfinyanzi wa kutosha. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: angalau asilimia 25 ya udongo ipite kwenye chekeche ya milimita 0.075, na kipimo cha kufinyangika, ambacho maabara hukiita PI, kizidi 10. Udongo mweusi wa mbuga, ule wa mabonde kama la Lukuledi na la Mbwemkuru unaolimwa mpunga, mara nyingi unavuka viwango hivyo kwa mbali.

Udongo mwekundu wa kichanga wa uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, ni habari nyingine. Sehemu kubwa ni mchanga, na mfinyanzi wake ni haba. Chokaa ikifika pale haina cha kula. Vivyo hivyo mchanga wa pwani kuanzia Mikindani hadi Mtwara mjini. Kwa udongo wa namna hiyo fikiria saruji, au changanya na udongo mwingine wenye mfinyanzi. Pima kwanza lakini, maana hata huko uwandani kuna sehemu za mfinyanzi zisizotarajiwa.

Udongo wenye mboji nyingi nao unasumbua. Uozo wa mimea unaila chokaa kabla mfinyanzi haujapata sehemu yake. Ukizidi asilimia 1 hivi, mashaka yaanze. Kwa hiyo udongo wa juu wenye mizizi na majani huondolewa kabla ya kazi yoyote.

Sina maabara karibu. Naweza kujaribu mwenyewe?

Unaweza kupata dalili, si jibu kamili. Chukua udongo kiasi cha ngumi moja, toa mawe, lowesha kidogo na uukande kama unavyokanda unga wa chapati. Kisha uviringishe juu ya kioo au ubao laini hadi uwe uzi wenye unene wa milimita 3, sawa na mrija wa wino wa kalamu. Ukiviringika vizuri, ukakunjika pete bila kukatika, mfinyanzi upo. Ukikatikakatika mapema, mchanga umezidi.

Sasa gawa udongo huohuo mafungu mawili. Moja lichanganye na chokaa iliyozimwa, gramu 50 kwa kila kilo ya udongo mkavu, ongeza maji, funga ndani ya mfuko wa nailoni na uuache hadi kesho yake. Fungu la pili lifunge bila chokaa. Asubuhi jaribu kuviringisha yote mawili. Mara ya kwanza nilipomwonyesha msimamizi mmoja wa barabara ya kijiji, fungu lisilo na chokaa lilimganda vidoleni hadi akaomba maji ya kunawa. Lile la chokaa lilikataa kabisa kuwa uzi, likamvunjikia kiganjani kama makombo ya andazi kavu. Hakuniuliza tena kama chokaa inafanya kazi.

Hata hivyo, kwa barabara ya gari au jengo la watu wengi, peleka sampuli maabara. TANROADS wana maabara zao za mikoa, na mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 wa usanifu wa barabara na vifaa vyake unaeleza viwango vya matabaka yaliyoimarishwa kwa saruji au chokaa. Gharama ya vipimo ni ndogo ukilinganisha na kurudia hata mita mia moja za barabara.

Chokaa ziko aina ngapi, na ipi ni sahihi?

Zinazofanya kazi ni mbili. Ya kwanza ni chokaa isiyozimwa, ile inayotoka tanuruni na kuchemka ikiguswa na maji. Ya pili ni chokaa iliyozimwa, unga mweupe ambao tayari umepewa maji kiwandani. Ya kwanza ina nguvu zaidi kwa uzito: kilo 1 yake ikizimwa inatoa kama kilo 1.3 za iliyozimwa. Pia hukausha tope haraka kwa sababu inayanywa maji na kutoa joto. Lakini ni hatari kwa ngozi na macho, na kwa vikundi vya kijiji visivyo na mashine naishauri iliyozimwa siku zote.

Chokaa ya kilimo, ile inayomwagwa shambani kupunguza tindikali, ni mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa. Haiimarishi udongo wa ujenzi hata ukimwaga lori zima. Soma maandishi ya mfuko kabla ya kulipa.

Hii ya tanuri la kienyeji vipi? Ni nafuu.

Kwa kupaka nyumba inatosha. Kwa barabara siiamini, na sababu si dharau kwa wachomaji. Jiwe la chokaa linataka joto la nyuzi 900 hivi lote, hadi kiini. Kwenye tanuri la magogo, mawe ya katikati yanaiva na ya pembeni yanabaki mabichi, kisha majivu na mchanga vinaingia humohumo. Mfuko mmoja unaweza kuwa na nguvu mara mbili ya mwenzake, na huwezi kuhesabu asilimia kwa kitu kisichojulikana.

Ukitaka kuipima kwa haraka, weka kijiko cha chokaa kwenye glasi na umwagie siki. Ikifoka povu jingi, sehemu kubwa ni jiwe ambalo halikuiva au chokaa iliyokwisha kula hewa. Nzuri hufoka kidogo tu.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Sehemu ya chokaa ya pwani yetu imetokana na matumbawe yaliyovunjwa baharini na kuchomwa kwa magogo, mikoko ikiwamo. Matumbawe hayo ndiyo nyumba ya samaki na ndiyo yanayovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 kulinda mazingira ya aina hiyo. Muulize muuzaji mawe yake yametoka wapi, na kama ni baharini, usinunue.

Haya sasa: mifuko mingapi?

Asilimia 3 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu ndiyo kawaida, na mfinyanzi mzito unaweza kufika 8. Maabara huanza na kipimo cha pH: wanachanganya udongo na viwango tofauti vya chokaa, wanatafuta kiwango kidogo kabisa kinachofikisha 12.4. Kisha wanatengeneza vipande vya majaribio kwa kiwango hicho, na vingine vyenye asilimia 1 na 2 zaidi, na kuvivunja kupima nguvu. Chini ya kiwango hicho udongo utapungua kunata lakini hautakaza.

Tufanye hesabu. Barabara ya mita 100, upana mita 6, tabaka la sentimita 15 baada ya kushindiliwa, udongo mkavu wenye kilo 1,750 kwa mita ya ujazo, chokaa asilimia 4. Kila mita ya mraba ina kilo 262.5 za udongo, kwa hiyo inahitaji kilo 10.5 za chokaa. Mita za mraba 600 zinataka kilo 6,300, yaani mifuko 252 ya kilo 25. Mfuko mmoja unafunika mita za mraba 2.4 hivi. Panga mifuko mitatu kwa upana wa barabara, kila safu mita 1.2 kutoka nyingine, kisha ndipo ikatwe na kusambazwa kwa reki. Mifuko ikipangwa kabla ya kufunguliwa, msimamizi anahesabu kwa macho na hakuna mfuko unaopotea njiani.

Kazi yenyewe inakwendaje?

Ondoa udongo wa juu. Chimbua kwa greda hadi kina kilichopangwa na uvunje mabonge. Sambaza chokaa, changanya mara ya kwanza huku boza likimwaga maji, funga juu kidogo kwa rola ili upepo na mvua visiingie, na uuache udongo ulale. Kisha changanya tena, shindilia, sawazisha, tunza unyevu.

Kuchanganya ndiko kunakoharibu kazi nyingi kuliko uchache wa chokaa. Rotaveta, mashine yenye meno yanayozunguka, ni bora. Haro ya trekta inaweza ikirudiarudia. Baada ya mchanganyiko wa mwisho, ukiacha mawe, udongo wote upite chekeche ya milimita 25 na angalau asilimia 60 upite ile ya milimita 4.75. Ukipasua bonge ukakuta ndani ni jeusi na nje ni jeupe, hiyo ni andazi lililoiva nje tu. Rudia.

Lazima udongo ulale? Mkandarasi anasema tushindilie leo leo.

Kwa mfinyanzi mzito, ndiyo, saa 24 hadi 72. Chokaa inahitaji muda wa kupenya ndani ya mabonge na kuyalainisha. Ukishindilia mapema, mabonge yanabaki na yatavimba baadaye. Mfinyanzi ukiwa mgumu sana, weka nusu ya chokaa kwanza, laza, kisha ongeza nusu iliyobaki wakati wa kuchanganya mara ya pili.

Ila kulala kuna mpaka wake. Tulipokuwa bonde la Lukuledi, chokaa ilimwagwa Ijumaa mchana, trekta likaharibika kabla ya kuchanganya, watu wakaondoka. Jumatatu tulikuta ganda jeupe limekauka juu, na siki ikafoka kama soda. Mifuko ile yote ilihesabiwa kuwa hasara, tukaanza upya. Siku hizi sikubali mfuko ufunguliwe kabla sijaiona mashine ya kuchanganyia ikiwa inanguruma. Chokaa iliyosambazwa ichanganywe ndani ya saa chache, siku ileile.

Msimu gani ni mzuri?

Huku kusini mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, mara nyingine Mei. Kazi nzuri ni Juni hadi Oktoba. Joto letu linaisaidia chokaa kukaza haraka.

Tatizo la miezi hiyo ni upepo wa kusi, hasa mchana karibu na pwani. Sambaza alfajiri na asubuhi. Tatizo la pili ni maji. Kwa mfano wetu wa mita 100 kuna tani 157.5 za udongo, na ukitaka kupandisha unyevu kwa asilimia 8 tu unahitaji lita 12,600, bila yale yatakayokauka kwa jua wala ya kumwagilia baadaye. Huko Makonde ambako maji ni ya kugombea, panga chanzo cha maji kabla ya kununua chokaa, na msichukue ya bomba la kijiji.

Naweza kutumia maji ya bahari au ya kisima cha chumvi?

Usitumie. Chumvi hupanda juu tabaka likikauka na kuinua lami iwe malengelenge. Maji ya bahari yana salfeti pia, aina nyingine ya chumvi, na salfeti ni adui mkubwa zaidi: ikikutana na chokaa, mfinyanzi na maji, huzaa fuwele zinazovimba na kuinua barabara nzima. Udongo wenye salfeti inayozidi asilimia 0.3 unahitaji tahadhari maalumu ya mhandisi.

Wa Kilwa, litilieni hili maanani. Makangaga kunachimbwa jasi, na jasi ni salfeti ya kalsiamu. Ukiona vipande vinavyong'aa kama kioo ndani ya mfinyanzi, simamisha kazi na upime salfeti kwanza.

Maabara imesema udongo wangu umepungua uzito baada ya kutiwa chokaa. Kuna kosa?

Hakuna. Punje zilizoshikana zinaacha nafasi zaidi, kwa hiyo uzito wa juu kwa ujazo unashuka na unyevu unaotakiwa unapanda. Kosa ni kumdai mwendesha rola afikie uzito wa udongo usio na chokaa. Lengo, kwa kawaida asilimia 95 au zaidi ya uzito huo wa juu, lihesabiwe kutoka kwenye udongo ule uliochanganywa.

Saruji inatengenezwa hapahapa Mtwara. Kwa nini nisitumie hiyo?

Kwa udongo wa kichanga, itumie. Kwa mfinyanzi mzito saruji haichanganyiki vizuri, maana inaanza kushika kabla mabonge hayajavunjika, na tabaka linatakiwa kushindiliwa ndani ya saa mbili hivi. Chokaa inakupa nafasi ya kupumua. Njia ninayoipenda kwa udongo wa katikati ni chokaa kidogo kwanza ili udongo ulegee, kesho yake saruji kidogo kwa nguvu.

Linganisha pia na kutoa udongo na kuweka kifusi. Mita 100 zetu zikichimbwa sentimita 30 ni mita za ujazo 180, yaani tipa la mita za ujazo 7 safari 26 za kutoa na 26 za kuleta, na udongo ukichimbwa huvimba, kwa hiyo zitazidi. Kama shimo la kifusi kizuri liko karibu, kifusi kinashinda. Kama liko mbali, chokaa inaanza kulipa.

Chokaa ni hatari kiasi gani?

Inaunguza. Hasa ile isiyozimwa ikikutana na jasho. Miwani ya kazi iliyoziba pembeni, barakoa, glavu, buti za mpira, mikono mirefu, suruali juu ya buti. Ndala marufuku. Wekeni ndoo ya maji safi palepale kazini, si kwenye gari. Chokaa ikiingia jichoni, suuza mfululizo kwa maji safi dakika 20 huku kope zimefunguliwa, kisha hospitali moja kwa moja hata kama maumivu yamepungua. Usisugue. Watoto na mbuzi wasikaribie mpaka tabaka lifungwe.

Nyumba yangu imejengwa juu ya udongo wa mbuga na kuta zimepasuka. Nimwage chokaa pembeni?

Pole sana, lakini haitasaidia. Chokaa haisafiri ndani ya mfinyanzi, inafanya kazi pale tu ilipochanganywa. Anza na maji: weka mifereji ya paa, jenga ukingo wa zege kuzunguka nyumba wenye mteremko wa kwenda nje, hamisha karo na bafu la nje lililobanana na msingi, na miti mikubwa isikae karibu na ukuta. Nyufa zikiendelea kupanuka, mwite mhandisi. Anayejenga upya ndiye mwenye nafasi ya kuchanganya chokaa chini ya sakafu.

Matofali ya udongo na chokaa je?

Yanafaa kama udongo una mfinyanzi. Anza majaribio na asilimia 6 hadi 10, yashindilie kwa mashine, yafunike kwa nailoni na uyatunze na unyevu angalau siku 28. Ukiyaanika juani kama ya kuchoma, yatakauka kabla ya kukaza.

Nitajuaje chokaa imefika chini?

Chimba shimo dogo, safisha ukuta wake na unyunyizie fenolftalini, dawa ya maabara isiyo na rangi. Palipo na chokaa panageuka waridi iliyokolea papo hapo. Pima kwa rula. Kama kina ni sentimita 15 na rangi imeishia 9, mchanganyaji hakushusha meno. Dawa hii inaonyesha chokaa ipo. Haionyeshi kama inatosha.

Barabara ikikamilika, gari lipite lini? Na inaweza kukaa bila lami?

Acha siku 7 ukimwagilia mara kwa mara, uso usikauke hata siku moja, au funika kwa lami nyepesi ya kuziba. Malori yasipite.

Bila kufunikwa haitadumu. Udongo uliotiwa chokaa unabeba mzigo vizuri lakini unasagwa na matairi, ukatoka vumbi kiangazi na kulika masika. Weka kifusi juu angalau. Na mitaro ichimbwe kabla ya yote hayo: kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024, mafuriko yalikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam upande wa Kilwa. Maji yanayokosa njia yanabeba tabaka lolote, liwe la chokaa au la lami, kwa hiyo kwenye ukaguzi wangu mimi huanza na makalavati na mitaro, ndipo nifungue boksi la vipimo.